Zoa zako hawana njaa dada, wanateseka na chumvi

Waaleikum salaam dada'ngu. Kabla sijagusa habari ya chakula nakuomba kitu kimoja, huo mwamba wa tangi lako la bahari usiuchemshe. Usiutie sufuriani, usiumwagie maji ya moto, usiusugue kwa mswaki, uache hapo hapo ulipo mpaka umalize kusoma haya. Jirani yako aliyekwambia uuchemshe hakukutakia mabaya, mwamba mtupu watu wanachemsha kweli, lakini wako una zoa juu yake, wale wanyama wadogo laini wa baharini, ndugu wa matumbawe, wanaofunguka kama maua, na hapo ndo mambo yanabadilika kabisa.

Kwa mwingine anayesoma: dada yuko Muscat, ana tangi la lita 160 la miezi sita, kanunua vipande vitatu vya zoa, viwili vidogo vya rangi rangi na kimoja cha kahawia chenye vichwa vikubwa. Wiki tatu za mwanzo walikuwa wanafunguka vizuri, kisha wakaanza kujifunga mmoja mmoja, na sasa ni siku 12 hajaona hata jicho moja la zoa lililofunguka. Muuzaji kamwambia wana njaa, basi kila siku anawatilia unga wa matumbawe na kamba wa kusaga. Chumvi anapima kwa kile kipimo cha plastiki chenye mkono, kinasoma 1.025, yaani karibu na bahari ya kawaida. Joto mchana 29 usiku 26 tangu AC ya sebuleni iharibike, nitreti, ile mbolea inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichooza, ni 50, mwani wa nywele umeanza kuota katikati ya zoa, kuna vikonokono viwili asivyovijua, maji yakipungua anajazia ndoo ya lita 8 ya maji ya chumvi kila wiki, na ana mtoto wa miaka minne. Anauliza awape chakula gani wafunguke.

Usiwape kitu kwa sasa. Ila nianze na sumu maana mtoto yumo ndani ya nyumba.

Madukani kila kitu kinaitwa zoa lakini kuna ndugu wawili humo. Kuna Zoanthus, wale wadogo laini wenye rangi za kufa mtu, na kuna Palythoa, wakubwa zaidi, mara nyingi kahawia au kijani, mwili unakwaruza kidogo kama una mchanga ndani, na kweli una mchanga, wanauingiza mwilini wajipe nguvu kwa vile hawana mfupa kama matumbawe magumu. Kile kipande chako cha kahawia kwa ulivyokieleza mie naona ni Palythoa. Hao ndo wenye sumu inaitwa palitoksini. Watu wa Hawaii waliijua zamani, kulikuwa na dimbwi karibu na Hana kisiwa cha Maui, kilichoota humo walikuwa wakipaka kwenye ncha za mikuki wakakiita mwani wa mauti wa Hana, kumbe si mwani, ni Palythoa. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Moore na Scheuer, waliitenga hiyo sumu na kuitangaza 1971. Kazi yake inashika ile pampu ya sodiamu na potasiamu iliyopo kwenye kila seli ya mwili na kuigeuza tundu lililo wazi, chumvi zinapita ovyo, misuli na moyo ndo wa mwanzo kuumia. Na dawa ya kuivunja ikishaingia mwilini hakuna, hospitali wanakusaidia tu upumue na moyo uende mpaka ipite.

Sasa ubaya wake, moto wa jikoni hauiui. Ukichemsha mwamba inapanda na mvuke na mvuke ndo mnauvuta nyote mliomo ndani. Marekani imeandikwa kesi ya bwana aliyemwagia mwamba wake maji ya moto ili aziondoe Palythoa, haikufika nusu saa makamasi yakaanza kumtoka na kikohozi, akaishia hospitali. Uingereza 2018, kijiji cha Steventon, baba mmoja alitoa tumbawe tangini alisafishe tu, nyumba nzima wakaugua na hata waliokuja kuwaokoa wakapelekwa kuangaliwa. Sikutishi utupe tangi, mie ninazo miaka 11 sasa na nalala nazo chumba cha jirani. Ila nina adabu nazo. Adabu niliipata kwa jicho, mwaka wangu wa pili nilikuwa nakata kipande cha Palythoa kwa wembe, sina miwani, najiona fundi, polipu, yaani kichwa kimoja cha zoa, ikanirukia maji yake jichoni. Nilikwenda kulala naona kama mtu kanitia pilipili na mchanga pamoja, wiki nzima nakaa gizani kama popo. Tangu siku hiyo glovu na miwani, hata kama nahamisha kipande sentimita kumi.

Kwa hiyo mtoto asitie mkono tangini, vyombo vya tangi visirudi jikoni hata kijiko kimoja, na ukimaliza kushika chochote loweka vifaa kwenye Clorox, ile kwetu tunaita jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, nusu saa, nje kwenye hewa, kisha suuza sana maana tone la jiki likirudi tangini utalia. Na ikitokea mtu kashika zoa halafu midomo inakufa ganzi, au ladha ya chuma mdomoni, kifua kinabana, homa, usikae kusubiri kesho, hospitali, na uwatajie neno palitoksini kwa sababu daktari wengi hawajawahi kukutana nalo.

Haya, tuje kwenye tangi.

Mie nilivyosoma maelezo yako sikusimama kwenye chakula, nilisimama kwenye ile ndoo. Maji yanapokauka kwenye tangi yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Ndoo ya lita 8 ukichanganya sawa sawa ina gramu 35 kwa lita, yaani gramu 280 za chumvi. Kila wiki. Mwezi mmoja umetia zaidi ya kilo moja ya chumvi ambayo haikupungua, kwenye lita 160 hiyo ni kama gramu 7 za ziada kwa kila lita, na kama katikati hukubadilisha maji basi kutoka 35 uko kwenye 42 huko, umeipita hata Bahari ya Shamu. Utaniambia mbona kipimo kinasoma 1.025. Hebu kitoe hicho kipimo ukiangalie kwenye mwanga, pale mkono unapozungukia. Naweka dau na wewe sasa hivi kabla hujakitoa kwamba kuna ukoko mweupe. Chumvi ikiganda kwenye mkono inauongezea uzito, mkono unashuka, kinasoma chini kuliko ukweli. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, kisha ukiweza achana nacho nunua refraktomita, kile kipimo cha chumvi cha kutazamia kwa jicho, siyo ghali, na uiweke sawa kwa yale maji maalum ya 35, usitumie maji matamu peke yake maana inaweza kusema kweli kwenye sifuri ikadanganya kwenye 35.

Zoa hawana gozi wala gamba la kujikinga na hilo, maji ya mwilini yanavutwa nje, wanafanya kile pekee wanachokijua, wanajikunja na kufunga mlango. Ukiongeza na joto la kupanda nyuzi tatu kila mchana na kushuka usiku, nawe unawamiminia unga juu ya vichwa vilivyofungwa, kwa kweli mie naona wamevumilia vya kutosha.

Kuishusha chumvi usikurupuke. Acha maji ya chumvi ya kujazia, kuanzia leo jazia maji ya RO matupu, yale yaliyochujwa kwa mtambo mpaka chumvi na uchafu vimetoka. Kisha kila siku toa lita mbili tatu za tangi weka RO badala yake, ukipima, isishuke zaidi ya gramu moja kwa lita kwa siku, mpaka ufike 35. Wiki moja na nusu mpaka mbili za subira. Na RO ni RO kweli, najua maji ya bomba ya Muscat yametoka baharini yakasafishwa kiwandani, kila mtu ananiambia hilo, lakini kabla hayajafika kwako yametiwa klorini, yamepita mabombani, yamekaa kwenye tangi la juu ya paa yakapikika na jua, na kama kuna shaba njiani basi shaba na viumbe visivyo na mifupa haviwekani. Kipima TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, ni rahisi, kisome sifuri au karibu na sifuri ndo uyaamini.

Joto. Utaambiwa matumbawe ya Ghuba yanastahimili nyuzi 34, ni kweli, yale ya upande wa Abu Dhabi yamezaliwa na kufa kwenye hilo joto vizazi na vizazi. Ya kwako yamekuzwa kwenye tangi la mtu kwa 25 au 26. Mie nazishika 25 mpaka 26 na nusu. Ila usidhani 29 yenyewe peke yake ndo imewafunga, kupanda na kushuka kila siku ndo kunachosha zaidi. AC ikitengenezwa utapona nusu, mpaka hapo tia feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi kama hewa ya ndani ni kavu, siku za unyevu ule wa kwetu wa pwani haisaidii sana, na kumbuka feni inakausha maji haraka kwa hiyo kujazia RO ni kila siku siyo kila wiki. Ndo utaona kwa nini watu wananunua kile kifaa cha kujazia chenyewe.

Vikonokono sasa. Hapa usiniamini mie, jiangalilie mwenyewe, usiku, masaa mawili baada ya taa kuzima, na tochi yenye karatasi nyekundu mbele. Kama konokono ana gamba la duara bapa, limezunguka kama ngazi ya mnara, michoro myeusi na nyeupe kwa mistari, huyo anaitwa Heliacus na chakula chake ni zoa, hana kingine. Mtoe na pinseti, kwisha. Adui mwingine ni konokono asiye na gamba, nudi, huyu ni mtihani maana anakula zoa na rangi ya zoa inamwingia mwilini, nimeshawahi kumtazama dakika nzima namwona polipu iliyolala, mpaka polipu ikatembea. Tazama na ubavuni mwa shina, kama kuna kipande cha utepe mweupe umejikunja kama kashata ya kuzungusha hayo ni mayai. Ukiona hivyo utalazimika kuwaogesha zoa kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe au ya ayodini, kwenye bakuli la maji ya tangi hilo hilo, dakika tano mpaka kumi kwa kipimo cha kwenye chupa, ukiwapuliza taratibu kwa pipeti ya mpira wadudu wadondoke. Mayai dawa haiyaui, yakwangue kwa mkono, na urudie kila baada ya wiki mara tatu. Glovu, miwani, dirisha wazi. Kama ni vipele vidogo vyeupe au vya manjano kwenye shina bila mdudu yeyote hayo ni maradhi mengine, niambie tutayazungumza. Kinyume chake kama konokono wako ni wale wa kawaida wa kutambaa kiooni waache, wanakusaidia mwani.

Lakini usiwaogeshe leo. Mnyama aliyekwishachoka kwa chumvi ukimtia dawani unammaliza. Chumvi kwanza, joto kwanza, labda umshike Heliacus kwa macho yako.

Sasa chakula, maana ndo ulichouliza. Zoa ndani ya ngozi yao wamejaa viumbe vya kijani kahawia vidogo visivyoonekana, aina ya mwani, navyo vikipata taa vinatengeneza sukari na kumpa mwenye nyumba sehemu kubwa ya riziki yake. Ndo maana mtu anaweza kukaa na Zoanthus miaka asiwape kitu kwa mkono na wakazaana, wanakula taa na wanaokota kinachobaki kwa samaki. Wanapenda hata maji yasiwe safi sana, nitreti 5 mpaka 15, fosfeti karibu na 0.05, tangi likiwa sifuri kabisa wanakonda na kufifia. Kwa hiyo ile 50 yako haiwaui, lakini pamoja na unga na kamba wa kusaga inalisha mwani wa nywele, mwani unaingia katikati ya mashina, unawakwaruza na kuwaziba, nao hawafunguki, na wewe unaona hawafunguki unaongeza chakula. Uung'oe kwa vidole vyenye glovu au pinseti, kidogo kidogo ndani ya maji wakati unanyonya na mpira wa kubadilishia maji.

Mtihani rahisi wa nani anakula na nani hali, fanya wakishafunguka siyo kabla. Zima pampu zote. Chukua misisi wa barafu, vile vikamba vidogo mno, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya tangi, chuja ule mchuzi wake umwage maana ndo unaochafua. Vuta kimoja kwenye pipeti, sogeza juu ya Palythoa kama sentimita mbili, achia kidondoke chenyewe usimpulizie. Utaona minyiri inasita, kisha kingo zinainuka taratibu pande zote na uso mzima unajifunga kama mtu anafunga kibindo chenye pesa. Huyo mlaji. Halafu fanya hivyo hivyo kwa yule mdogo wa rangi. Mara nyingi misisi itakaa juu ya uso, itateleza, itaanguka mchangani, naye hata hakushtuka. Wanaochukua kitu wanataka vitu vidogo zaidi, unga wa rotifa au saiklopu, vijidudu vya majini hivyo, na kidogo. Kwa tangi lako lote ni ncha ya kijiko cha chai, mara moja kwa wiki, mbili kama nitreti imeshuka, pampu zimezimwa dakika 15 na usisahau kuziwasha, mie nimesahau zaidi ya mara moja nikaamka samaki wanavuta hewa juu. Kilichobaki kinyonye. Palythoa mpe misisi mmoja mmoja kila wiki mbili kama unafurahia kumtazama, hana lazima. Wakikua haraka utajuta, wanawafunika jirani zao, nawashauri watu wote wawawekee mwamba wao peke yao mbali na ule mkubwa.

Taa usiniambie umeongeza ili wafunguke. Ukitumia kipimo cha PAR, yaani nguvu ya taa inayolisha mimea, ni 50 mpaka 150, kwa lugha ya kawaida chini ya tangi au katikati, masaa manane hivi kwa siku. Ishara wanakupa wenyewe, shina likirefuka na kichwa kunyoosha shingo juu wanaitafuta taa, wakilala bapa karibu na mwamba na rangi kupauka imezidi. Maji yawayumbishe, yasiwachape. Alkalini 8 au 9 na isichezecheze, kalisiamu kama 420, basi, hivyo vingine kwa zoa usivihangaikie.

Kuna kitu kilinichekesha. Nilimtumia mama yangu aliyeko Unguja picha ya tangi langu, kile kipande nilichokinunua kwa riyali za kutosha kwa sababu kina jina la Kimarekani la mbwembwe, akanipigia: hivyo si vile vidude vya utelezi tunavyovikanyaga mwambani bamvua tukienda kuchokoa pweza? Ndo hivyo hivyo mama. Na kuna aina moja jina lake la kisayansi ni Zoanthus sansibaricus, alipewa na mwanasayansi Carlgren 1900 kwa sababu ya kwetu Zanzibar, ingawa siku hizi wanamkuta mpaka Japani. Ukiwaona mwambani maji yamekupwa kabisa wamejifunga, jua linawapiga masaa mawili matatu, mvua inawanyeshea, kisha maji yanajaa na wanafunguka kama hakukuwa na kitu. Kwa hiyo siku 12 siyo msiba bado. Msiba ni shina likilegea, likinuka, likiyeyuka kama ute ukipulizia. Kikiyeyuka kipande kimoja kitoe upesi, na kama ni kile cha kahawia kinachoyeyuka mtoe mtoto nje kwanza, umwambie mtu mwingine mkubwa awe karibu, glovu na miwani, kifunge kwenye mfuko wenye jiki kisha ndo kwenye taka, na ndani ya maji weka kaboni mpya, ule mkaa wa kuchujia maji.

Wakianza kurudi watarudi kwa kuchungulia, utaona kidoa cha rangi katikati ya kitufe asubuhi, jioni wamefunga tena. Waache. Hiyo wiki usiwape kitu, mpe samaki tu na wewe mwenyewe kunywa chai yako ukiwatazama.

Nataka unitumie vitu viwili. Namba ya chumvi baada ya kukiosha hicho kipimo, au dukani wakupimie kwa refraktomita yao, wengi hawachukui pesa. Na picha ya zoa usiku ukiwa na tochi pamoja na hao vikonokono, mchana piga nyingine kwa taa nyeupe, ile picha ya bluu uliyotuma kila kitu kinang'aa kama harusini na mie sioni hata shina liko wapi.